Maji ya Kijani

Kila asubuhi mke wa fundi cherehani alisimama nje ya mlango wa choo, ametega sikio. Alisikiliza kama mumewe anaugulia maumivu. Mwaka uliopita figo yake moja iliharibiwa na mawe, ikatolewa. Ilibaki moja tu. Hiyo nayo ikiharibika, je? Mke aliogopa hata kulimaliza wazo hilo.

Kwa hofu hiyo alimtunza mumewe kama yai. Kila siku alimchemshia spinachi, kisha akammiminia na maji ya kijani yaliyobaki sufuriani.

"Nguvu yote imo humu. Usibakize."

"Haya, daktari wangu," fundi alijibu, akanywa amefumba macho.

Jumatatu moja mkojo wake ulitoka na damu. Mke akamshika mkono, wakaondoka mbio. Kwenye kituo cha afya, daktari alimpima fundi, akaona jiwe dogo. Akawapeleka maabara kwa jirani yao, mpimaji. Huyo akawapa dumu la kukusanyia mkojo wa kutwa na kucha.

Kesho yake waliporudi na dumu, mpimaji alidondosha mkojo kidogo kwenye kifaa kinachotosha kiganjani.

"Ndani mna kimeng'enya, protini ya kuvunjavunja vitu," alieleza. "Kinashughulika na kitu kimoja, oksaleti. Ndiyo inayoungana na kalsiamu, yakatokea mawe. Kimeng'enya kikiivunja, umeme kidogo sana hutokea, kifaa kinatoa namba."

Namba ikatokea. Mpimaji akakunja uso.

"Imezidi mno. Fundi anakula nini, shemeji?"

"Spinachi, na maji yake. Hata hapa ninayo." Akatoa chupa mkobani.

Mpimaji akayapima pia. Namba ikapanda zaidi.

"Oksaleti nyingi ya spinachi huhamia kwenye maji ya kuchemshia."

Mke akaitazama chupa yake. "Kwa hiyo nilikuwa namuua kwa mkono wangu?"

"Ulikuwa hujui, shemeji. Sasa mwaga hayo maji. Spinachi ale mara chache, tena pamoja na maziwa. Kalsiamu ya maziwa huikamata oksaleti tumboni. Na anywe maji safi mengi."

"Nikinywa mengi nitashona saa ngapi?" fundi akauliza.

"Afadhali ichelewe suruali kuliko figo kupotea."

Jiwe lilitoka lenyewe. Baada ya wiki sita, namba ilishuka hadi kiwango cha kawaida.

Asubuhi iliyofuata mke alisimama tena mlangoni. Kimya. Akasogea karibu zaidi. Mara akasikia mbinja.

"Mama watoto, bado unanisikiliza?"

"Nani akusikilize? Toka upesi, nami nimebanwa! Maji safi hunywi peke yako!"