Ukurasa Mmoja Ambao Hakuufuta

"Nisomee tena," mama alisema. "Polepole."

Nilishamsomea nyumbani, nikamsomea njiani, na sasa tumekaa kwenye benchi la hospitali bado ananisogezea simu yake.

"Majibu yako yametoka. Fika hospitalini leo bila kuchelewa."

"Bila kuchelewa," akarudia. "Mwenye majibu mazuri haitwi hivyo, mwanangu."

Kile kivimbe chake cha kwapani madaktari walikikata kipande cha kupima, wakatuambia tusubiri. Tangu hapo mama anakula kama anaonja. Asubuhi meseji ilipoingia, alikwenda kwa jirani akamgawia kuku wake wote. Nilimkuta anawaaga mmojammoja.

Benchi lilijaa. Mzee aliyekaa kando yetu alikuwa anaigeuzageuza simu yake.

"Mimi mwaka jana nilikuja kung'oa jino," alisema. "Jino wamebaki nalo wao. Wananiitia majibu gani tena?"

Hakuna aliyecheka. Nesi akatoa kichwa dirishani.

"Jamani, mliopata meseji ya majibu, tunaomba radhi. Daktari hakutuma. Watu wa kompyuta walikuwa wanafanya majaribio, mashine ikawatumia watu wote."

"Na majibu yangu ya kweli?" mama akauliza.

"Bado, mama. Kaa hapo nikakuulizie maabara."

Mama akakaa. Mikono yake ilikuwa ya baridi kuliko bati la benchi. Nikampigia mchumba wangu, maana mambo ya kompyuta ndiyo kazi yake.

"Wagonjwa wote wametumiwa meseji za uongo," nikamwambia. "Eti mashine ilikuwa inajaribiwa."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Upo?"

"Hospitali ipi?"

"Hii ya mama. Kwani nina mama wangapi?"

"Nakuja."

Alifika shati nusu ndani nusu nje, laptopu kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, mkwe? Mgonjwa ni mimi."

Akapiga magoti mbele ya benchi.

"Mama, ile programu ni ya ofisini kwetu. Inatunga majaribio yenyewe. Ukiipa mfumo wa hospitali, inajifanya mgonjwa, inajifanya daktari, inatafuta palipoharibika. Zamani ilikuwa haitumi kitu kwa mtu, ndiyo maana kwenye maelekezo tuliandika kwamba ipewe namba za kweli za simu za wagonjwa. Siku hizi inatuma. Maelekezo ya zamani tuliagizwa tuyaondoe yote. Umebaki ukurasa mmoja. Fundi wa hapa kaufuata huo huo."

"Umebaki kwa nini?" nikauliza.

Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Bosi wake alifoka mpaka yule mzee wa jino akageuka.

"Nilisema ule ukurasa uondoke wiki iliyopita. Kwa nini bado upo?"

"Bosi, mwandishi mwenzangu hajakubali. Namfuatilia kila siku."

Huyo ndiye mwanamke aliyeyaandika maelekezo hayo pamoja naye, siku zile walipokuwa wachumba. Kisha mwanamke huyo akamwacha, akahamia tawi jingine la ofisi, ila kurasa zao zikabaki chini ya mikono yao wawili. Ofisini kwao ukurasa haufutwi na mtu mmoja: mmoja anakubali, mwingine anabonyeza. Ndiyo sababu niliyopewa kila alipochukua simu akatoka uani kuzungumza naye. "Kazi tu, mpenzi." Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kichwa cha mtu, kimya, nikimsikiliza. Nilisikia anavyocheka huko uani. Nikanyamaza.

Sasa sikunyamaza.

"Mpigie."

"Nani?"

"Huyo asiyekubali. Mpigie hapa hapa, weka spika. Mwambie mama yangu kagawa kuku kwa ajili ya ukurasa wake."

"Mpenzi, hapa kuna watu..."

"Mkwe," mama akasema, "mpigie."

Akabonyeza. Simu ikaita muda mrefu, kisha sauti ya mwanamke, ya kuchoka.

"Kaka, nini tena?"

"Ule ukurasa..."

"Ukurasa upi? Nilishakubali. Zote nimekubali, na huo wa mwisho nilikubali siku ileile uliyoniletea. Kilichobaki ni wewe kubonyeza."

Akajaribu kuzima spika. Nikaushika mkono wake.

"Halafu nikuombe kitu," sauti ikaendelea. "Jioni usinipigie. Mume wangu ameanza kuuliza ni kazi gani hii isiyoisha. Na mimi najiuliza. Una mchumba, bwana. Zungumza naye."

Simu ikakatika.

Mzee wa jino alijifanya anatazama dari.

"Sikuwahi kukutana naye," mchumba wangu akasema. "Naapa. Ni simu tu."

"Sijakuuliza mlikutana wapi. Nakuuliza kwa nini hukubonyeza."

Akainamia laptopu yake.

"Ulikuwa wa mwisho," akasema. "Nikiufuta, sina tena sababu ya kumpigia."

Nilitamani angedanganya. Uongo ningeugombeza. Hili ningeligombezaje?

Akafungua laptopu juu ya magoti yake, palepale sakafuni. Kioo kikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza.

"Nimeufuta. Tazama, haupo."

"Naona."

"Basi yameisha?"

"Ya bosi wako yameisha."

Nesi akarudi. "Mama, daktari anakuita. Majibu yako ya kweli haya hapa."

Nilimshika mama mkono tukaingia. Daktari alizungumza muda mrefu, lakini mimi nilibaki na maneno machache: kivimbe si kibaya, kitatolewa, atapona. Mama alimwomba arudie. Akarudia. Mama akafuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza kama ruhusa ya kula ipo, daktari akacheka.

Tulipotoka, benchi lilikuwa karibu tupu. Yeye alikuwa bado pale, laptopu imefungwa.

"Wamesemaje?"

"Si kibaya," nikamwambia. Alikuwa amesubiri, nikaona ni haki yake kujua.

Akaficha uso kwenye viganja. Mabega yakamcheza. Mama akamgusa kichwani alipopita, akatangulia nje kunipa nafasi.

"Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu," akasema bila kuinua uso. "Bado waje?"

"Hapana."

"Unaniacha?"

"Nimesema Jumamosi wasije. Mimi sasa simu yako ikilia naacha kusuka nisikilize unaongea na nani. Siwezi kuingia kwenye ndoa hivyo. Siku nitakayosikia inalia nikaendelea kusuka, nitakwambia uwalete."

"Na isipofika siku hiyo?"

Nilimtazama. Nilikuwa nampenda bado, na hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha.

"Basi ndoa haipo, nawe utakuwa umejua mapema," nikasema, nikamfuata mama.