Hodi Juu ya Kibodi

Haya yalimpata umbu langu, dada yangu mdogo wa tumbo moja, nami niliyashuhudia kwa macho yangu, sikusimuliwa. Siku yenyewe ilipambazuka kama siku yoyote nyingine: jua la kadiri, nguo zimeanikwa uani, wanafunzi wanapita njiani wakigombana. Dada alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana, na cherehani aliiweka dirishani, palipotazamana na mlango wa mbele, ili mteja akibisha hodi aitikiwe papo hapo. Kwake yeye, kumwacha mtu mlangoni bila kumkaribisha kulikuwa utovu wa adabu usiofutika kwa msamaha.

Alijaliwa watoto wawili. Binti anauza katika duka la dawa. Kaka yake binti tulimwita Kishindo, kwa jinsi alivyogonga milango. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na kila arudipo aligonga kana kwamba nyumba inaungua.

"Nani?" mama yake huuliza.

"Mimi!"

"Mimi ndiye nani? Hata Ibilisi alianza uasi wake kwa kusema mimi."

"Basi ni Ibilisi mwenye njaa, Mama. Fungua!"

Kisha wote wawili hucheka, na mlango hufunguliwa.

Nyumba ile ilikuwa na ada yake. Aliyesafiri, akifika aendako, humwandikia Mama neno moja tu, *Nimefika*. Na Mama hagusi chakula cha jioni mpaka neno lile liingie katika simu yake. Siku mto ulipofurika na kulichukua daraja, Kishindo alikuwa ameisahau simu yake nyumbani, ikichajiwa kando ya cherehani. Neno halikuja. Gari la mikate lilivutwa kutoka mtoni maji yalipopungua. Milango yake yote ilikuwa imefungwa, na ndani hamkuwa na mtu.

Matanga yalipokwisha, dada yangu aliichukua ile simu. Yeye si mtu wa mitambo, lakini msiba humfunza mtu mengi. Aligundua kwamba ukigusa mahali pa kuandikia, juu ya herufi hutokea mstari wenye nafasi tatu, na katika kila nafasi neno ambalo simu inadhani utaliandika. Simu hujifunza maneno hayo kwa mwenyewe, kama kasuku. Basi akawa anakaa dirishani na kuligusa neno la katikati, kisha la katikati, kisha la katikati, na simu ikawa inaandika kwa lafudhi ya mwanawe: *Mama nimefika usijali kula kwanza.* Hapo ndipo alipoinuka na kupakua chakula.

Nilimwambia, "Dada, hicho ni kivuli cha maneno tu."

Akanijibu bila kuinua macho, "Kaka, kwenye jua kali kivuli ni riziki."

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Naye alikuwa mfa maji wa nchi kavu.

Kisha asubuhi moja simu ilijisasisha yenyewe, na mstari ule ukatoweka. Zikabaki herufi peke yake. Dada yangu aligusa, akagusa, akalia, na tangu siku hiyo akaacha kula. Sahani aliwekewa, ikapoa, ikaondolewa. Gauni lake likaanza kuning'inia kama lililotundikwa msumarini. Binti yake alinijia akiwa amevaa koti la kazini.

"Mjomba, tutamzika na huyu," alisema. "Ananiambia hawezi kula mpaka kaka afike."

"Mpeleke kwa tabibu."

"Tabibu kasema hana ugonjwa. Dawa yake iko kwa fundi simu."

Binti akaichukua simu, akaenda. Fundi alikuwa na kibanda chenye kioo na taa ya kuinamia, mtu wa maneno mengi na vidole vyepesi.

"Dada yangu, simu hii haijafa," alimwambia. "Imenuna tu, kama mke aliyenyimwa hela ya sokoni."

Akaingia katika mipangilio, akafungua sehemu ya kibodi, akakuta mapendekezo ya maneno yamezimwa. Akayawasha. Hayakuja. Ikambidi aifute kumbukumbu yote ya kibodi na kuiwasha simu upya. Mstari ukarudi, lakini nafasi zake zote tatu zilikuwa wazi, nyeupe kama sanda.

"Sasa inafanya kazi," alisema fundi, "ila imekuwa mtoto mchanga. Maneno ya zamani hayakuwekewa akiba popote. Itabidi ifunzwe upya."

"Kwa hiyo haijui neno lolote la kaka yangu?"

"Haijui hata mama."

Binti hakuwa na moyo wa kumwambia mama yake hivyo. Njiani alikata shauri kwamba mama akilala ataketi na simu ile, aandike maneno ya kaka yake kama alivyoyakumbuka, mpaka simu iyashike. Ulikuwa udanganyifu wa huruma. Hakuwahi kuufanya. Alipoingia ndani aliiweka simu juu ya cherehani, akaenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi na kikombe, alimkuta mama yake ameinamia kioo, anatabasamu.

Katika mstari, bila herufi hata moja kuandikwa, palikuwa na maneno matatu.

*Hodi. Hodi. Hodi.*

Nilipigiwa simu, nikafika alasiri, jua bado limejaa barabarani. Mpwa wangu alinipokea mlangoni, akaninong'oneza habari ya fundi. Nilimuuliza kama aliyaandika yeye. Alitikisa kichwa. Nilimuuliza kama mama yake aliyaandika. Akasema, "Mjomba, Mama hajui hata kupata herufi kubwa, na maneno hayo yote yana herufi kubwa."

Nikaingia, nikaketi mkabala na dada yangu. Alikuwa amevaa vizuri, kajipaka wanja.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "mwanangu yuko mlangoni. Nimekungoja wewe, mkubwa wangu, ili usiseme nimefanya jambo peke yangu."

Nikautazama mlango. Nje ya dirisha hapakuwa na mtu. Palikuwa na paka tu, ameketi katikati ya njia, anakitazama kizingiti.

Sisi tuliosomea chuoni, kwenye madrasa, tulifundishwa adabu ya kubisha hodi kabla ya kufundishwa kuandika. Hodi ni tatu, usipoitikiwa, rudi. Na mwenye nyumba asikaribishe sauti asiyoijua: amuulize aliye nje ni nani, na aliye nje ataje jina. Asiseme mimi, kwa kuwa kila kiumbe ni mimi. Nikaona adabu hiyo ndiyo ngao pekee niliyokuwa nayo.

"Usimkaribishe," nikanong'ona. "Muulize kwanza ni nani."

Akaandika, herufi moja moja, kwa kidole kilichotoboka kwa sindano: *nani*.

Mstari ukatikisika. Yakaja maneno.

*Mimi. Mimi. Mimi.*

Dada yangu akaachia kicheko, cha kwanza tangu mto ufurike. "Si unaona? Ni yeye. Hajabadilika, mjinga huyu."

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameniletea chai. Nilisikia kikombe kikigongana na kisahani chake.

"Mwambie ataje jina," nikasema.

Akaandika. Mstari ukafutika. Tukangoja. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Hata watoto waliokuwa wakicheza mpira hawakusikika tena. Paka alikuwa hayupo.

Neno moja likatokea katika nafasi ya katikati.

*Mamachozi.*

Hapa yanipasa nieleze. Tulipokuwa wadogo, marehemu mama yetu alitupa majina ya kututania. Dada yangu, kwa kulia ovyo, aliitwa Mamachozi. Mimi, kwa meno yangu ya mbele, niliitwa Bwanameno. Alipoolewa niliacha kumwita hivyo, kwa heshima ya marehemu mumewe, na wazazi wetu walikwenda zamani na majina hayo vinywani mwao. Kishindo hakulijua jina lile. Hakuna aliyepata kuliandika popote. Sisi wawili tu.

Nikajua kwamba aliye nje si mpwa wangu.

"Dada," nikasema, "huyo siye. Nipe simu."

Akaikumbatia kifuani. Macho yake yalikuwa makavu, yametulia, kama macho ya mtu aliyekwisha kusikia bei na kuikubali.

"Miaka mingapi sijaitwa jina hilo, Kaka?"

"Nipe simu."

"Mgeni amesimama juani."

Nikanyoosha mkono. Nilichelewa. Kidole chake kilikwisha kuliandika neno ambalo kila mmoja wetu hulisema bila kufikiri, neno tulilonyonya pamoja na maziwa.

*karibu*

Hakikutokea kitu. Mlango haukusogea. Komeo lilikuwa mahali pake. Mstari ulikuwa mweupe. Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mola, nikaanza hata kujicheka.

Mpwa wangu alikuwa amekwenda jikoni kutua kikombe. Akaita kutoka huko, sauti yake nyembamba:

"Mjomba, kwani umeufungua wewe mlango wa uani? Uko wazi, nami niliufunga kwa komeo."

Jioni ile dada yangu alikula. Alikula wali wote, akafuta sahani kwa kidole. Aliomba sahani ya pili, akaiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu. Nilimsomea aya nilizozihifadhi, naye aliitikia amina kila mahali panapostahili, huku akikitazama kiti. Tulitaka kulala pale sote wawili. Alinikatalia mimi. "Nenda ukaswali magharibi kwako, Kaka. Nyumba hii leo ina mwanamume." Mpwa wangu alibaki naye, akafunga milango yote, akaviwekea vitasa alama ya uzi wa cherehani.

Asubuhi nyuzi zote zilikuwa nzima. Dada yangu alikuwa ameketi dirishani, mguu juu ya kanyagio la cherehani, ametulia, baridi. Viatu vyake vilipangwa kwenye kizingiti, ncha zikitazama nje, kama vya mtu anayeondoka. Simu ilikuwa mapajani mwake. Mpwa wangu aliigusa tu, kioo kikawaka, na mstari ukajaa.

*Nimefika. Na. Mama.*

Wanawake waliomwosha walitoka nje. Mmoja wao, mzee mwenzangu, aliniita pembeni akaniuliza kama marehemu alipata kwenda mtoni siku za karibuni. Nikamwambia hakutoka nyumbani mwezi mzima. Akatazama viganja vyake. Akasema nywele za marehemu zilisafishwa tena na tena, na kila mara mchanga uliendelea kutoka.

Baada ya maziko nilimrudishia fundi ile simu ili aifute. Aliifungua mbele yangu, akaikagua, na utani wote ukamwisha.

"Mzee," alisema, "hakuna cha kufuta. Kibodi hii haina neno hata moja. Tangu nilipoiwasha, haijafunzwa kitu." Akaisukuma upande wangu juu ya kioo. "Nakuomba usiiache hapa."

Nimeifukia pasipojulikana. Mpwa wangu nimemhamishia kwangu, na ada ya Nimefika tumeikomesha. Sasa hunipigia nikamsikia sauti. Ningependa simulizi iishe hapo, kwa dua.

Lakini alasiri moja nilitaka kumwandikia mpwa wangu kwamba funguo nimeziacha kwa jirani. Simu yangu ni ya kizee. Mapendekezo ya maneno niliyazima siku nilipoinunua, kwa kuwa sipendi kutangulizwa maneno yangu mwenyewe. Nikagusa mahali pa kuandikia. Juu ya herufi pakajitokeza mstari.

*Hodi. Hodi. Hodi.*

Nikafuata adabu, kwa kuwa sina silaha nyingine. Nikaandika: *Nani*.

Halikuja *mimi*. Likaja neno moja, katika nafasi ya katikati.

*Bwanameno.*

Waliolijua jina hilo wote wako chini ya udongo, isipokuwa mimi. Na sauti niliyoisikia kichwani nilipolisoma ilikuwa sauti ya mtoto wa kike mwenye machozi, aliyezoea kunifuata nyuma akiniomba nimngoje.

Haya ninayaandika kwa kalamu ya wino. Simu iko mezani, nimeifunika kwa bakuli. Kila alasiri mwanga hupenya pembeni mwa bakuli, ukazimika, ukawaka tena, kwa subira, kama mgeni mwenye adabu. Nami ni mtu niliyelelewa kuamini kwamba kumwacha mtu mlangoni bila kumkaribisha ni aibu isiyofutika. Kwa hiyo mwanga ule unapowaka, mimi huketi kitini, nikaikalia mikono yangu yote miwili kama mtoto aliyekatazwa, mpaka jua litue.