Onyo Haliwezi Kurudi Jana

Kila asubuhi Gemma aliwakatia jamaa zake tambi kwa fremu ya mbao yenye nyuzi za chuma. Kisha alivaa koti, akachukua chaki, akaenda kwenye nyumba yake ya zamani.

Nyumba hiyo ilipasuliwa na tetemeko la ardhi. Manispaa ilitaka kuibomoa, lakini Gemma alikataa. Mlangoni palikuwa na utepe wa kuzuia watu. Yeye aliinama, akapita chini yake.

Siku moja Loreta, mke wa mwanawe, alimfuata. Alimkuta jikoni. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa chaki: BERARDINO, TOKA NJE.

"Mama! Dari hili litakuangukia!"

"Basi usipige kelele. Utaliangusha wewe."

Berardino alikuwa mume wa Gemma. Usiku wa tetemeko, ardhi ilitikisika kidogo kwanza, kama ilivyokwisha kutikisika mara nyingi bila madhara. Wazee wa kijiji walifanya kama walivyozoea: walibeba mablanketi, wakaenda kulala uwanjani. Berardino naye alivaa viatu. Gemma alimwambia, "Nje kuna baridi. Rudi kitandani." Akarudi. Baadaye chumba cha kulala kiliporomoka. Gemma alitolewa kwenye kifusi akiwa hai. Berardino alikuwa amekufa.

Sasa redio ilikuwa imetoa habari. Chembe ndogo mno zilirushwa kutoka Uswisi, zikapita ndani ya miamba hadi maabara iliyo chini ya mlima wao. Ilionekana zimeupita mwanga kwa kasi. Mtangazaji akaongeza kwamba kitu cha namna hiyo huenda kikafika hata jana.

"Zinapita hapa hapa, chini ya jikoni langu," Gemma alisema. "Huenda zikambebea maneno haya. Nisipojaribu, nitakuwa nimemuua mara ya pili."

Loreta alikwenda kumwita jirani yao Ortensia, mwanafizikia wa maabara hiyo. Wote watatu walikaa barazani kwa Loreta.

"Niambie ukweli, mwanangu," Gemma alisema. "Usinibembeleze."

"Sijui kubembeleza, bibi. Muulize mume wangu." Gemma alicheka kidogo. Ortensia akaendelea. "Chembe zile hazikuupita mwanga. Waya mmoja wa kupimia wakati ulikuwa haujakazwa vizuri. Waliopima walitafuta kosa lao wenyewe, wakalitangaza."

"Waya! Na ninyi wote mna digrii!"

"Ndiyo maana tunapima tena."

"Lakini siku moja kitapatikana kitu cha kuupita?"

"Ukikisukuma kitu kiende kasi zaidi, kila nyongeza hutaka nguvu nyingi zaidi kuliko iliyotangulia. Kukifikisha kwenye kasi ya mwanga kungetaka nguvu isiyo na mwisho. Tena, kama ujumbe ungeweza kuupita mwanga, jibu lingeweza kufika kabla ya swali. Hakuna aliyewahi kuona hivyo."

"Hakuna njia nyingine?"

"Yapo mahesabu ya kukunja anga na wakati. Yanataka vitu ambavyo hakuna aliyevipata. Siwezi kuapa kwamba haiwezekani kabisa. Naweza kusema kwamba hakuna dalili hata moja kwamba inawezekana."

"Basi nimemwacha Berardino."

"Hapana. Sikiliza vizuri. Kila tunachokijua kinasema habari haitoki kesho kuja leo. Kwa hiyo huwezi kumwonya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, hakuna onyo lililoweza kukufikia wewe usiku ule. Ulijua nini?"

"Kwamba kuna baridi."

"Na ilikuwa kweli?"

"Baridi kali. Na yeye alikuwa na kifua kibovu."

"Basi uliamua kwa ulichokijua. Habari ya kilichokuja baadaye haikuwapo popote ulipoweza kuitafuta."

Gemma alishusha pumzi ndefu, akafuta uso kwa aproni. "Kwa hiyo sina kazi niliyoiacha bila kuifanya?"

"Huna, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Usingizi ulimjia mchana huo huo, pale pale kitini. Loreta alimfunika shali.

Juma lililofuata Gemma alikubali nyumba ibomolewe. Buldoza liligusa tu ukuta wa nje, na dari zima la jikoni likaanguka kwa kishindo. Dereva alizima mtambo, akashuka akiwa amekodoa macho. Aliona chaki sakafuni, karibu na mlango.

"Bibi, kuna mtu alikuwa anaingia humu?"

"Mwanamke mmoja mkaidi," Gemma alijibu. "Ameacha."

Loreta alimshika mkono, wakarudi nyumbani kula.