Ushahidi wa Parafujo Tatu

*Asojulikana jina, usimpe ushahidi;*
*huomba neno mchana, kisha hudai jasadi.*

Saa nne asubuhi, katika karakana ya setilaiti pale Al Khoudh, Maskati, kipima-vumbi kilisoma mia tatu.

Hind alikunja uso. Kila aingiaye chumba kile, hata akifunikwa ovaroli nyeupe toka utosi hadi unyayo, macho tu nje, humwaga chembe mia moja. Nao walikuwa wawili: yeye, fundi wa kuunganisha, na Japheth, Mkenya mwenye miwani minene, shahidi wake.

"Dada Hind," Japheth akacheka, "ama umeingiza mchumba bila kuniambia?"

"Mchumba gani wa kukubali kuvaa haya? Soma hatua inayofuata."

Kanuni yao ilikuwa moja. Mmoja hukaza parafujo, mwenziwe hutazama na kutamka, "Nimeona." Bila neno lile kazi haihesabiwi. Kwa miaka sita Hind hakuwahi kuivunja.

Japheth akatoka kufuata bisibisi nyingine. Hind, ameinama juu ya setilaiti, akasikia nyayo laini zikirudi nyuma yake. Hakugeuka. Akakaza parafujo ya kwanza.

"Nimeona."

Ya pili. "Nimeona." Ya tatu. "Nimeona."

Ndipo mlango ulipofunguka, Japheth akaingia na bisibisi mkononi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Hind aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Ila harufu ya udi ilikuwapo, tamu na nzito, mle ambamo hata sabuni ya manukato ni haramu, ambamo hewa huchujwa usiku na mchana.

Alikimbilia chumba cha kubadilishia nguo akampigia simu na kumsimulia kisa bibi yake, Bi Masouda, mzaliwa wa Unguja, ambaye ujanani alitoa majini katika nyumba nyingi za Maskati.

"Elimu yote hiyo," bibi akanong'ona, "na hukuuliza 'nani wewe'? Umemkubalia mara tatu! Sasa atataka mahali pa shahidi mwenyewe, mwili na jina. Msikimbie, atamfuata mwenzio hadi kitandani. Nnakwambia, mjukuu wangu, zifungue parafujo zote tatu kwa bismillahi, na kila moja mwenzio ataje jina lake na la mamake kabla ya lile neno. Akisahau hata mara moja, amekwisha."

Hind akamweleza Japheth yote, neno kwa neno.

"Mimi ni mtu wa kanisa, dada," Japheth alijibu. "Lakini jina la mama naweza kutaja."

Wakaanza.

"Bismillahi." Bisibisi ikazunguka, parafujo ikatoka.

"Mimi Japheth, mwana wa Nyambura, nimeona."

"Mwana wa nani?" sauti kavu ikauliza begani kwa Japheth.

"Usimjibu," Hind akanong'ona. "Bismillahi."

"Mimi Japheth, mwana wa Nyambura, nimeona."

Ya tatu ilikataa. Hind aliisukuma kwa mikono miwili, jasho likimchuruzika ndani ya glavu, udi ukiwajaa kooni kama pamba, na pumzi ya mtu wa tatu, asiyeonekana, ikipanda na kushuka sambamba na pumzi zao, ikikaribia, ikikaribia, hata akaihisi juu ya ukosi wake, na palepale alipodhani mkono utamvunjika, parafujo ikaachia ghafla, na Japheth, kwa furaha ya kuokoka na kwa mazoea ya miaka sita yaliyomkaa ulimini, akapaza sauti:

"Nimeona!"

Sauti mbili zililitamka kwa pamoja.

Harufu ikakatika. Kipima-vumbi kikashuka hadi mia mbili.

"Alhamdulillahi," Hind akapumua. "Ametoka. Japheth?"

Sakafuni, karibu na kiatu chake, ililala miwani minene ya Japheth, kioo kimoja kimepasuka. Ndani ya ile ovaroli nyeupe mbele yake, macho makavu yalimtazama bila kupepesa.

"Nimeona," ikasema ile sauti kavu.

Waliobaki wamesimama mle chumbani walikuwa wawili: Hind, na shahidi wa parafujo tatu.