Nafasi Ndani ya Diski

Kisilu aliichomoa ile diski kwenye laptop, nayo ikaendelea kunguruma mezani. Ilinuka nywele zilizoungua. Mtu mwingine angeitupa chooni akanawa mikono. Kisilu aliifunika kwa kitambaa, akaenda kunywa chai.

Alijitakia mwenyewe. Kule Malili muuzaji alimwonyesha diski mpya, ndogo kidogo, yenye waranti, akamsihi achukue hiyo. Lakini Kisilu hupiga video za arusi na mazishi Kathonzweni nzima, na laptop yake ilikuwa imejaa pomoni. Macho yakamtoka kwa ile kuukuu, kubwa, ya marehemu fulani, iliyouzwa bei ya kutupa. Akahamishia humo kila kitu, hata video za Kaveke, binti yao aliyekufa kwa homa, kisha akafuta zilizokuwa kwa laptop. Kopi nyingine hakuweka. Mtu wa video, jamani!

Jumapili mchana mkewe, Nthenya, alifungua video ya Kaveke akijifunza baiskeli. Hapo kitu kisichoonekana kikamshika nywele kutoka nyuma, kikampigiza ukutani, tena na tena, mpaka meno yakamwagika sakafuni, na Kisilu aliporuka kumtetea akainuliwa mzimamzima, akatupwa kwenye kabati la vyombo, vioo vikamwingia mgongoni, na akiwa amelala pale akauona mkono wa mkewe ukikunjwa kinyume, polepole, mpaka mfupa ukatokeza, huku kinywa cha mkewe chenye damu kikisema kwa sauti nzito ya mwanamume: "Humu ndani kuna nafasi. Sitoki."

Kila diski ilipowashwa, kipigo kilirudi. Na bado kuna mtu aliyekuwa akiiwasha. Kisilu alidhani ni hilo jini lenyewe.

Akaitwa Mama Kanyiva wa kikundi cha maombi. Aliomba mpaka sauti ikamkauka, kisha akaitisha nyundo. Aliwaambia waziwazi wachague, mtoto aliye kwa diski ama mama aliye hai. Kisilu alilia kwa sauti. Nthenya, mkono ukiwa kwa plasta, alisema tu, "Vunja."

Diski ilipiga mayowe chini ya nyundo, halafu kimya. Watu wakaimba.

Kesho yake Kisilu alisikia kicheko cha Kaveke nyuma ya jikoni. Alimkuta Nthenya amechuchumaa na simu, damu ikimchuruzika puani, plasta imepasuka. Kumbe kabla ya maombi alikuwa ameipeleka diski kwa Gedion wa duka la simu, akawekewa ile video kwa memori kadi. Jini nalo likahama pamoja nayo.

"Zima, Nthenya. Litakuua."

"Wacha linipige," alinong'ona. "Huyu mtoto nitamsikia."

Kisilu alinyoosha mkono amnyang'anye. Ndani ya simu Kaveke aliyumba na baiskeli, akaita, "Baba, usiniachilie!"

Akaurudisha mkono. Akakaa kwenye majivu ya jikoni yaliyomwagwa pale, akasogeza kichwa karibu na cha mkewe. Pigo la kwanza lilimpata kwenye taya. Akatema jino, akaongeza sauti.