Wino wa Komamanga

Magharibi ilikaribia nilipotoka na ubao wangu wa kuchorea kwenda kumalizia mlima. Ilikuwa mwaka 1979, hapa Al Hamra, mji wa Kiarabu chini ya mlima.

"Aliya, saa hizi zina wenyewe!" Mama alinigombeza mlangoni.

"Wenyewe wanisubiri, mama."

Nilikuwa nimechoka kutishwa. Tangu tumzike mdogo wangu Turkiya, wanawake wa mtaani walinong'ona kwamba hakufa. Walimwita mughayyab, mtu aliyechukuliwa na mchawi akiwa mzima, jamaa wakazika sura tu.

Nilichora kama Waholanzi wa miaka mia tatu nyuma, kwa kuiga kitabu nilichotoka nacho Unguja. Vilivyo karibu nilivipiga kwa wino wa maganda ya komamanga na misumari yenye kutu. Wino huo huuma karatasi, hautoki tena. Vya mbali nilivipaka masizi yaliyozimuliwa kwa maji, mepesi, ambayo ukikosea unayaosha. Ndiyo maana mlima wa mbali huonekana kama unaweza kuondoka. Jana yake, juu kabisa ya njia ya mlimani, niliweka watu wawili wa masizi, wadogo kama punje za mchele, ili ukubwa wa jabali uonekane.

Nilikaa kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, nikaifunua karatasi.

Punje zilikuwa zimeshuka.

Sasa walifika kwenye mitende, wakubwa kama kidole, weusi zaidi. Mwanamume alikuwa mbele, kamshika mwanamke kifundo cha mkono. Mwanamke bega moja lilikuwa chini... Turkiya alichechemea hivyo tangu utotoni.

Nikasikia harufu ya manyoya yaliyoungua. Nyuma yangu.

"Binti," sauti ilinong'ona, "umetuvuta karibu mno. Tupake maji. Turudi mbali."

Sikugeuka, wala shikamoo sikumpa.

"Utarudi wewe. Peke yako."

"Ulimi wake ninao mimi, ya binti."

"Na wino ninao mimi."

Nilichovya kalamu ya mwanzi, nikampitia Turkiya kwa wino wa komamanga: ushungi, bega, miguu, mkono. Pumzi baridi ikanifika shingoni. Niliogopa, wallahi, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nikaitumbukiza karatasi ndani ya falaji.

Masizi yakayeyuka. Yule mtu akawa doa, doa likaenda na maji.

Juu mlimani, mbali... mtu alilia.

Kwenye karatasi alibaki Turkiya peke yake, mweusi. Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa chini kizingitini, kamkumbatia msichana aliyejaa vumbi.

"Kaja kwa miguu yake," alilia mama. "Aliya, mbona hasemi?"

Nilimshika Turkiya mkono nimbusu. Kwenye kifundo palikuwa na alama za vidole vitano, vyeusi. Kwa haraka yangu, vidole vya yule mtu navyo nilikuwa nimevipitia wino.

Wino wa komamanga hukolea kadiri unavyokaa. Kila asubuhi vile vidole vinazidi kukolea, na jana kiganja kilianza kuonekana. Majirani wananiambia niuchome mchoro. Siuchomi, Turkiya yumo. Kila magharibi nachemsha maganda, nachonga kalamu, nakaa mlangoni na karatasi mpya yenye mlima.

Aje. Safari hii nitamchora mbali, kwa wino usiotoka.