Uzi Uliotoka Ukutani

Siku ile nilipanda mlimani na vipande kumi na vinne vya kitambaa, vyote vyeupe. Nashona mapazia mjini Plovdiv huu mwaka wa thelathini, na bado sijaelewa kwa nini matajiri wa siku hizi wanaogopa rangi. Mpwa wangu Radostina, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ndiye mbunifu aliyenipa kazi ile, na alinieleza tena kwa subira. Nyumba ya kifahari sasa haitakiwi kupiga kelele. Kabati zisiwe na vishikio, taa zijifiche, meza ya jikoni iwe jiwe moja la marumaru. Na mtu akiingia mlangoni, macho yake yafike hadi bondeni bila kugonga kitu.

Kitu cha kugonga kilikuwepo: ukuta wa mawe uliotenganisha jiko na sebule, mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Nyumba ilikuwa na miaka karibu mia mbili. Kalina, aliyeinunua, alitaka nje ibaki ya kale na ndani iwe ya kesho. Kwenye mchoro, Radostina alikuwa ameupiga ukuta ule mstari mwekundu. Mzee Spas, fundi lipu tuliyefanya naye kazi nyumba nyingi, aliutazama mstari, akautazama ukuta, akavua kofia.

"Binti, huu uacheni."

"Kwani unabeba paa, mzee?"

"Paa haubebi."

"Sasa unabeba nini?"

Spas akaweka kiganja kwenye mawe. Mafundi wenzake wakacheka, mmoja akamuuliza kama ameshapata rakia, pombe yetu kali, asubuhi yote hiyo. Mzee akavaa kofia yake na kushika nyundo. Hakuwa mtu wa kubishana na mwenye kazi.

Saa tano, katikati ya ukuta, likatoka jiwe lililochongwa tundu. Ndani ya tundu mlikuwa na kijiti kilichozungushiwa uzi mwekundu wa sufu, umepakwa nta mpaka umekakamaa. Spas akanivuta pembeni.

"Nevena, mwambie mtoto wako aurudishe."

"Ni uzi tu, Spas."

"Ni kipimo cha kivuli."

Akanong'ona huku akiangalia mlango. Zamani, fundi akitaka nyumba yake isimame, alimvizia mpita njia kwenye jua, akapima kivuli chake kwa uzi, kisha uzi akaujengea ukutani. Nyumba ilisimama. Mtu yule hakumaliza siku arobaini. Nikakumbuka bibi yangu alivyotukataza kupita karibu na nyumba inayojengwa jua likiwa kali. Miaka yote nilidhani anaogopa tusiangukiwe na tofali.

"Na uzi ukitolewa?" nikauliza.

"Aliyekuwa ndani hana pa kukaa. Atamtafuta wa kulingana naye."

Nikamweleza Radostina. Macho yakamng'aa, lakini si kwa woga. "Mama Mkubwa, unajua watu wanalipa kiasi gani kupata nyumba yenye kisa?" Ukuta ulipakiwa kwenye lori, ukaenda kutupwa. Uzi ukanyooshwa ndani ya fremu ya mwaloni yenye kioo, ukawekwa kwenye shubaka refu alilolichora yeye mwenyewe, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, ndani ya ukuta mweupe unaotazamana na dirisha. Kalina alipouona alishika kifua. Akasema ndio roho ya nyumba, na mimi sikulipenda neno hilo hata kidogo.

Siku ya kupiga picha za jarida, saa kumi jioni, jua lilikuwa limeingia mpaka ukutani. Mpiga picha akamwomba Radostina asimame katikati ya sebule. Kivuli chake kikaangukia kwenye shubaka, juu ya uzi. Utosi ulipoanzia, uzi ulianzia. Nyayo zilipoishia, uzi uliishia.

"Mama Mkubwa, tazama! Tumelingana!"

Spas alikuwa mlangoni anaosha vifaa vyake. Mwiko ukamponyoka.

Radostina akaondoka kwenda jikoni, anacheka. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Kivuli chake kilibaki kwenye shubaka. Pumzi moja. Mbili. Kisha kikamfuata haraka, kikipita juu ya sakafu kama mtu aliyechelewa basi. Nikajiambia ni macho yangu, maana yameshachoka na sindano.

Wiki ya pili alianza kusikia baridi. Ilikuwa Agosti, Plovdiv tunalala madirisha wazi, yeye anavaa sweta. Wiki ya tatu suruali zake zikawa zinamvuka. Hospitali walimpima damu, wakampima kifua, wakamwambia apumzike.

Siku ya ishirini na tatu alikuja kwangu mchana. Nikaandaa supu baridi ya mtindi na matango, tukakaa barazani kwenye jua kwa sababu alisema kivulini anatetemeka. Kijiko kikanigandia mkononi. Juu ya sakafu kulikuwa na kivuli cha meza. Kivuli cha chupa. Kivuli changu, na mkono uliosimama hewani. Kivuli cha kiti chake kilikuwepo pia, na ndani ya kivuli hicho kiti kilikuwa kitupu.

"Mbona huli?" akaniuliza.

"Nimeshiba, mwanangu."

Nilimlea yule tangu ana miaka tisa. Sina mwingine. Alipoondoka nilivaa viatu, nikapanda basi la milimani kumtafuta Spas.

Nilimkuta kwenye nyumba ile ile, anamalizia ngazi. Kalina alikuwa safarini. Tuliongea kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na mtu wa kutusikia.

"Turudishe uzi."

"Turudishe wapi? Ukuta wake tumeutupa."

"Basi tujenge mwingine."

"Ukuta mpya unataka kivuli kipya, Nevena. Aliyekuwa ndani hawezi kumwachia binti bila kupewa mwingine."

"Pima changu."

Akaweka mwiko chini.

"Nina miaka sitini na minne," nikamwambia. "Chumvi nimeshaila. Yeye ana ishirini na tisa."

"Mimi ndiye niliyeubomoa," akasema. "Nilijua, nikabomoa."

"Pima, Spas."

Tukasubiri jua liingie. Akanisimamisha uso kwenye dirisha, mgongo kwenye shubaka, akaniambia nisigeuke hata nikisikia nini. Nikasikia magoti yake yakilia alipoinama. Nikasikia uzi ukiburutwa sakafuni. Nikasikia mkasi, kimya kidogo, halafu mkasi tena. Halafu nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, mtu akavuta pumzi ndefu. Spas alikuwa upande wa pili wa chumba, anakoroga chokaa.

Aliziba shubaka lote kwa matofali, uzi wa kale na uzi mpya ndani, akapiga lipu juu. Giza lilipoingia, ukuta ulikuwa mmoja, mweupe, laini. Kalina aliporudi tulimwambia kioo kilipasuka. Alinuna siku mbili, kisha akasema ukuta mtupu una utulivu zaidi.

Siku ya tatu Radostina alinipigia simu anatafuna kitu. Alikuwa na njaa, alisema, na joto limemzidi. Nikaenda kumwona. Akafungua mlango, jua nyuma yake, na kivuli chake kikaniangukia miguuni chote, kizima. Nikalia pale pale mlangoni, yeye akadhani nimefiwa.

Nikaanza kuhesabu siku zangu. Sikumwambia mtu. Nilimaliza mapazia ya watu, nikapeleka cherehani ikarekebishwe ili Radostina akiirithi isimsumbue, nikanunua ngano ya kuchemshwa kwenye arobaini ya msiba wangu, kama desturi yetu, maana najua yeye angesahau. Siku ya arobaini nilioga, nikavaa gauni la buluu, nikalala juu ya kitanda na mikono kifuani. Ilipofika saa saba mchana nikaona njaa. Nikaamka, nikakaanga yai, nikala nimesimama, nikarudi kulala. Jua likatua nami nikiwa hai.

Asubuhi Tonka akanipigia, mke wa Spas. Mume wake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, jana mchana, akingoja chokaa ishike. Hakuinuka.

Nilipofika, tangazo la kifo lilikuwa tayari limebandikwa mlangoni, picha yake amevaa ile kofia. Tonka akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na uzi mweupe umekunjwa vizuri. "Alisema ni wako," akaniambia. "Alisema usije ukaupoteza."

Nilifika nyumbani, nikaunyoosha mezani, nikaupima: ulikuwa urefu wangu kamili. Sikuhitaji kuuliza ule mwingine, uliozibwa ukutani, ulikatwa kwa kivuli cha nani. Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Aibu ilikuja baadaye, na bado haijaondoka. Uzi niliuchoma, majivu nikayamwaga mtoni.

Februari Kalina akanipigia. Alitaka mapazia mazito ya kufunika dirisha la sebule, rangi yoyote. Mwanamke yule kusema rangi yoyote! Nikapanda mlimani. Alinifungulia mwenyewe, amekonda, akanishika mkono.

"Fundi wenu alisema chokaa inakauka siku ngapi?" akanong'ona.

"Wiki chache. Kwa nini?"

Hakuja nami hadi sebuleni. Alisimama mlangoni, akaninyooshea kidole.

Jua lilikuwa linapiga ukutani. Pale palipokuwa na shubaka, chokaa iling'aa kwa maji. Sakafuni chini yake kulikuwa na matone meupe, mabichi, na mistari ya mwiko ilionekana, ile mipana ya Spas, ya kuinamia kushoto, ambayo ningeijua popote. Miezi mitano ilikuwa imepita. Nikaweka kiganja. Ilikuwa laini na baridi, na vidole vyangu vitano vikazama.

"Nevena," Kalina akaniita kutoka mlangoni. "Usiuguse."

Nikageuka kumjibu. Sikukawia hata kidogo. Nilipoangalia tena ukuta, alama ya vidole haikuwepo. Mtu alikuwa ameshaisawazisha.